Fedha za Serikali Zilikuwa Katika Mfuko wa Nani?

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, kama lilivyosomwa redioni

Ikiwa mmekwisha kukaa tayari, fungueni madaftari, na kila mmoja awe na kalamu mkononi, maana leo tutafanya hesabu kidogo ingawa somo letu ni la historia. Na wewe unayelisoma somo hili baada ya kutangazwa, soma polepole. Palipo na hesabu simama, uifanye mwenyewe, ndipo uendelee.

Wengi wenu mnalifahamu lile jiwe lililosimama majini hapa Mwanza, karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe juu ya jiwe kana kwamba mtu aliyapanga kwa mikono. Huitwa Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck alikuwa mkuu wa Serikali ya Ujerumani, wala hakuwahi kuliona ziwa letu. Ajabu yake ni kwamba mtu huyu ambaye jina lake limebandikwa kwenye jiwe letu hakutaka Serikali yake itumie fedha za umma katika nchi hii. Tarehe 27 Februari 1885 Mfalme wa Wajerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, na shauri la Bismarck lilikuwa kwamba kampuni itawale kwa gharama yake yenyewe, na faida ikipatikana iwe ya kampuni. Baada ya miaka 4 tu shauri hilo lilivunjika, na fedha za umma wa Ujerumani zikaanza kuja huku. Zilikuja kwa ajili ya vita. Tutafika huko.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mapato ni fedha au mali inayoingia. Matumizi ni ile inayotoka. Makisio, ambayo siku hizi tunayaita bajeti, ni hesabu inayofanywa kabla ya mwaka kuanza: tutapata kiasi gani, na kila sehemu ya mapato itafanya kazi gani. Neno lenye uzito hapo ni “kabla”. Mtu akila kwanza, kisha akahesabu kilichobaki chunguni, hakufanya makisio.

Nilipata kuwa mwanachama wa chama kidogo cha kuzikana. Mweka hazina wetu hakuwa mwizi, lakini aliweka fedha za chama na fedha zake mwenyewe katika sanduku moja. Siku mwenzetu mmoja alipofiwa, tukaenda kuchukua sanda, na sanduku likakutwa na fedha chache tu. Yule mzee alihesabu mara tatu mbele yetu, jasho likimtoka. Hakujua zipi zilikuwa zetu na zipi zake. Likumbukeni sanduku hilo, maana tutaliona tena, nalo ni kubwa zaidi, mali ya Sultani.

Tuanze hapa nyumbani. Katika karne ya 19 nchi ya Usukuma ilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na utemi wake. Makao ya mtemi yaliitwa ikulu, na neno hilo lingali hai katika Kiswahili chetu; kila mtu anaijua Ikulu. Hazina ya mtemi ilikuwa ghala la nafaka. Watu walilima shamba la mtemi, nao walitoa sehemu ya mavuno yao kwa kupitia wanangwa, yaani wakuu wa vijiji. Chakula hicho kililisha wageni, wazee waliokuja kwenye baraza na vijana waliokwenda vitani. Mwaka wa njaa, watu walilitazamia ghala hilo.

Hapakuwa na daftari, lakini msidhani kwamba hapakuwa na hesabu. Vihenge vilionekana kwa macho. Mtu aliyepita ikulu aliweza kujua vimejaa au vimepungua, na wazee walijua nani alikula. Mtemi alitegemewa kuleta mvua na shibe. Mvua ikikatika na njaa ikaingia, aliweza kuondolewa katika kiti chake. Huo ulikuwa ukaguzi wa namna yake, mkali kweli kweli, ingawa mara nyingine ulimwadhibu mtu kwa kosa la mawingu.

Lakini tusiwasifu wazee wetu kupita kiasi. Nafaka haikai miaka mingi, kwa hiyo mtemi hakuwa na sababu ya kuificha; ilifaa aigawe. Pembe za ndovu, vitambaa na bunduki ni vitu vya namna nyingine. Vinafichika. Katika nchi nyingi za bara desturi ilikuwa kwamba tembo akiuawa, pembe ya upande ulioangukia ardhi ni ya mtawala. Pembe hizo zamani hazikuwa na bei kubwa. Misafara ya pwani ilipozidi kuja, bei yake ikapanda, na misafara yenyewe ikatozwa hongo, yaani malipo ya kupita katika nchi ya mtu. Mapato haya mapya hayakuonekana kama vihenge. Kwa jirani zetu wa Unyanyembe, karibu na Tabora, Mtemi Mnywa Sele aliwatoza wafanyabiashara wa Kiarabu ushuru. Wakampiga vita, na mwaka 1860 wakamwondoa, wakamweka mwingine waliyemtaka. Aliishi akitangatanga na kupigana mpaka alipouawa mwaka 1865. Basi mnaona kwamba swali la nani atoze, na nani atozwe, lilimwaga damu katika nchi hizi kabla Mzungu yeyote hajajenga boma hapa.

Sasa tuifuate pembe ya ndovu kutoka ziwani mpaka baharini. Ilibebwa begani, miezi na miezi, ikafika pwani ya Mrima, kisha ikavushwa Unguja. Hapo ilikutana na forodha ya Sultani. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alikuwa amehamishia makao yake Unguja. Mapato makubwa ya serikali yake yalikuwa ushuru wa forodha. Kwa mikataba aliyofanya na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, bidhaa za wageni zilizoingia zilitozwa 5 kwa mia. Pembe kutoka bara zilitozwa kwa frasila, nazo zilizotoka Unyamwezi zilitozwa zaidi kuliko zilizopitia Kilwa. Frasila moja ni kama kilo 16.

Chukueni kalamu. Mfanyabiashara ameshusha nguo za thamani ya riali 400. Ushuru ni 5 kwa mia. Atalipa riali ngapi? Mwalimu, wape muda.

Jawabu ni riali 20. Njia nyepesi ni kukumbuka kwamba 5 kwa mia ni sehemu moja katika kila 20. Riali hizo zilikuwa za fedha, zenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria.

Lakini riali 20 hizo hazikwenda moja kwa moja kwa Sultani. Seyyid Said aliikodisha forodha. Yaani alipatana na tajiri mmoja kwamba tajiri alipe kiasi fulani kila mwaka, kisha tajiri huyo akusanye ushuru kwa makarani wake. Aliyeshika kazi hiyo kwa miaka mingi alikuwa Jairam Shivji, mfanyabiashara Mhindi ambaye asili yake ilikuwa Kutch. Katika miaka ya 1840 malipo ya mwaka yalikuwa chini ya riali laki 2. Mwaka 1876 Tharia Topan alipoichukua forodha, yalikuwa yamefika kama riali laki 3 na nusu.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba tajiri ameahidi riali 150,000 na amekusanya 200,000. Zile 50,000 zinazozidi ni za nani? Ni zake. Na ikiwa amekusanya 140,000 tu? Hasara ni yake. Sultani alipata raha: kila mwaka alijua atakachopokea, hakuhitaji kuajiri makarani, wala hakuogopa mwaka mbaya. Hata mimi nikifikiri vizuri siwezi kusema alikuwa mjinga. Serikali nyingi duniani zilifanya hivyo, na Ufaransa yenyewe ilikodisha ushuru wake kwa matajiri mpaka mapinduzi yao ya mwaka 1789.

Ubaya wake uko hapa. Vitabu vya hesabu vilikuwa vya tajiri. Mwenye nchi hakujua nchi yake inatoa nini. Tena tajiri huyo huyo ndiye aliyekuwa kama benki ya Sultani. Sultani akitaka fedha za meli, au za kuwalipa askari, aliandika barua kwa mkuu wa forodha, na mkuu wa forodha akatoa na kuandika deni. Wala hapakuwa na mpaka baina ya fedha za serikali na fedha za Seyyid Said mwenyewe, ambaye alikuwa na mashamba yake ya karafuu na biashara zake. Sanduku moja, ndugu zangu.

Seyyid Said akafariki mwaka 1856. Ufalme ukagawanyika kati ya watoto wake, na mwaka 1861 Waingereza waliamua kwamba Unguja iilipe Omani riali 40,000 kila mwaka, kwa kuwa Unguja ndiyo iliyokuwa na mali zaidi. Matumizi mapya yakaongezeka juu ya mapato ambayo tayari yalikuwa yameshikwa na mdai. Sultani Majid alipofariki mwaka 1870, deni kwa nyumba ya Jairam Shivji lilikuwa limepita riali laki 5. Linganisheni na kodi ya forodha niliyowatajia. Hata mapato ya mwaka mzima ya forodha yasingeweza kulilipa.

Mdogo wake, Sultani Barghash, aliyetawala hata mwaka 1888, aliirithi hali hiyo. Mwaka 1872 tufani kubwa ikavunja mikarafuu na meli zake. Hata hivyo ni Barghash aliyeleta maji ya bomba mjini Unguja kutoka kwenye chemchemi, akajenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, akanunua meli. Watu maskini walikunywa maji hayo bure. Nayasema haya kwa sababu mtu asiyekuwa na makisio yaliyoandikwa aweza kufanya jambo jema kwa umma. Lakini ilikuwa hisani yake. Angetaka kuzitumia fedha zile zile kwa kioo na mazulia, hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuuliza.

Haki hiyo ikaja, lakini kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1891 Gerald Portal, mwakilishi wa Waingereza, alizitenga fedha za serikali na za Sultani. Sultani Ali bin Said akawekewa posho maalum ya mwaka, na hazina ikashikwa na Lloyd Mathews, Mwingereza, aliyefanywa waziri mkuu. Tangu hapo sanduku likawa masanduku mawili, na hesabu zikaandikwa vizuri. Ila Sultani hakuweza tena kutumia fedha za nchi yake bila idhini ya wageni, na watu wa Unguja hawakuulizwa zaidi ya walivyoulizwa zamani.

Turudi bara, kwa Wadachi. Ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Mwezi wa Aprili mwaka 1888 kampuni yao ilipewa na Sultani Khalifa ukodishaji wa pwani pamoja na forodha zake kwa miaka 50. Katika mwezi wa Agosti kampuni ilipokwenda kuzishika forodha, watu wa pwani wakasimama vitani, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wao mashuhuri. Kampuni haikuweza kupigana. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha marki milioni 2, na Hermann Wissmann akatumwa na jeshi la kukodiwa. Hizo ndizo fedha za umma ambazo Bismarck hakutaka kuzitoa. Tarehe 1 Januari 1891 Serikali ya Ujerumani ikaichukua nchi kutoka kwa kampuni. Mwaka uliotangulia, Novemba 1890, Emin Pasha alikuwa amejenga kituo Bukoba, na haukupita muda mrefu bendera ikapandishwa Mwanza.

Tarehe 30 Machi 1892 sheria ilitolewa Berlin kwamba mapato na matumizi ya makoloni yote yakisiwe kila mwaka na kuthibitishwa kwa sheria. Tazameni safari ya makisio hayo. Gavana aliyaandaa Dar es Salaam. Yakapelekwa kwa meli mpaka Berlin, yakachunguzwa katika idara ya makoloni, yakaingia Bungeni, yakajadiliwa. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Aprili. Kila kitu kiliandikwa: mishahara ya maofisa, risasi, maboma, meli. Jeshi lilikula sehemu kubwa, na kwa kuwa forodha haikutosha, Ujerumani iliongezea fedha kutoka kodi za watu wake.

Kwa hiyo mkulima wa Ujerumani aliyelipa kodi alikuwa na mjumbe wa kumwulizia. Na wajumbe waliuliza. Mwezi wa Machi mwaka 1896, wakati makisio ya makoloni yalipokuwa yakijadiliwa, mbunge August Bebel alisimama akaeleza jinsi Carl Peters alivyowanyonga kijana mtumishi na mwanamke mmoja huko Kilimanjaro. Kelele zikawa kubwa, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa kazi. Yule aliyeanza kuikamata nchi hii kwa mikataba yake aliangushwa katika mjadala wa makisio! Ndiyo maana mimi husema kwamba mahali fedha zinapojadiliwa ndipo mambo mengine yaliyofichwa hutoka. Lakini katika chumba kile hakuwamo Msukuma, wala Mhaya, wala Mzaramo. Habari za Kilimanjaro zilisemwa na mtu wa mbali.

Wabunge walichoka kuongezea fedha. Jawabu la Gavana Eduard von Liebert lilikuwa amri ya tarehe 1 Novemba 1897: kodi ya nyumba. Ilianza kutumika Aprili 1898. Nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zaidi. Asiyekuwa na rupia aliweza kwanza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Wadachi hawakuficha kwamba walitaka pia kuwalazimisha watu kutafuta kazi ya mshahara. Yaani kodi ilikuwa mapato, na ilikuwa fimbo.

Hesabu ya pili. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Mtu mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, atalipa rupia ngapi kwa nyumba hizo, na ni pesa ngapi?

Rupia 9, yaani pesa 576. Kodi haikuuliza kama watu wa nyumba ile wana ng'ombe 100 au mbuzi mmoja. Mahali pengine watu walijazana katika nyumba moja ili wapunguze hesabu.

Huku kwetu Wadachi walitawala kwa kupitia watemi, na watemi ndio waliokusanya, nao wakapewa sehemu yao. Nanyi mwaona badiliko lililotokea. Mtu yule yule aliyekuwa akipokea nafaka mbele ya macho ya watu, sasa alipokea rupia na kuzipeleka boma. Mwananchi aliona zikiingia, ila hakuona zikitoka. Ili azipate rupia hizo, kijana wa Kisukuma alikwenda kubeba mizigo, au akashuka mpaka mashamba ya Tanga na kazi za reli. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na karanga za Mwanza zikapata njia ya ziwani, na wengine wakapata fedha bila kuondoka kwao. Mwaka 1905 amri nyingine ikataka kodi ilipwe kwa fedha taslimu, na asiyekuwa nazo afanye kazi za serikali.

Ng'ambo ya ziwa, Waingereza walifanya namna nyingine. Katika Mapatano ya Buganda ya tarehe 10 Machi 1900 kodi ya nyumba ilikuwa rupia 3 vile vile, na kila mwenye bunduki alilipa rupia 3 nyingine. Lakini karatasi hiyo ilitaja pia malipo ya watawala: Kabaka, akiwa mtu mzima, pauni 1,500 kwa mwaka, mkuu wa kila jimbo, pauni 200. Mganda aliyejua kusoma aliweza kuhesabu ni nyumba ngapi zilimlipa mkuu wake. Sijui kama nimepata kuona hoja iliyo bora kuliko hiyo ya kumtia mtu hamu ya kujifunza kusoma.

Katika darasa moja mama mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kama wale wa Berlin waliandika kila kitu, na sisi hatukujua, je, waliandika kwa ajili ya nani?” Niliwaachia darasa swali hilo, nanyi nawaachieni mlijadili.

Kazi ya juma hili ni hii. Nendeni kwenye ofisi ya kijiji au ya mtaa wenu, mtazame ubao wa matangazo. Ikiwa pana karatasi ya mapato na matumizi, nakilini mistari mitatu katika madaftari: jina la pato au tumizi, na kiasi chake. Ikiwa hapana, ulizeni kwa adabu itabandikwa lini, mkaandike jibu mtakalopewa pamoja na tarehe. Serikali yetu huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai, na makisio husomwa Bungeni Dodoma mwezi wa Juni. Mwandike pia tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kijiji au mtaa wenu.

Mje na madaftari hayo juma lijalo, saa hii hii. Tutasoma habari za pamba, na jinsi ilivyopata kupimwa kwenye mizani. Kwaherini.